Nafsi ya Mtu na Asili ya Vyote katika Falsafa ya Kihindu

Tangu zamani pepo za kaskazi zimevisukuma vyombo kutoka bandari za Kutch na Gujarat hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, na pamoja na nguo na shanga wakaja watu ambao wenyeji wa pwani waliwaita Mabaniani, wakapanga nyumba, wakafungua maduka, wakaandika hesabu zao kwa hati ambayo jirani hakuweza kuisoma, na katika karne ya 19 mmoja wao, Jairam Shivji, akaikodi forodha ya Unguja kutoka kwa Sayyid Said, ikawa karafuu na pembe hazipiti bandarini ila chini ya macho ya makarani wake. Tumewajua watu hawa kwa biashara yao, kwa vyakula vyao visivyotiwa nyama, kwa taa zao za Diwali, na kwa desturi yao ya kuiteketeza maiti kwa moto badala ya kuizika. Lakini kumjua mtu dukani si kumjua katika fikira zake. Na lile jambo ambalo wahenga wa watu hawa walilichunguza kwa muda wa zaidi ya miaka 2,500, yaani nafsi ya mtu ni kitu gani, na ina nasaba gani na ile hakika iliyo asili ya vitu vyote, ni jambo ambalo wengi wetu hatujapata kuwauliza.

Yupo Mwislamu mmoja wa kale aliyeuliza. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, alifika Bara Hindi katika zama za Sultani Mahmud wa Ghazni, zama ambazo mahekalu ya nchi hiyo yalikuwa yakivunjwa na hazina zake zikichukuliwa ngawira. Na ilhali wengine walikwenda huko kwa upanga, yeye aliketi mbele ya walimu wa Kihindu, akajifunza lugha ya Kisanskriti hali amekwisha kuwa mtu mzima, akakitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali, na yapata mwaka 1030 akakamilisha kitabu kikubwa juu ya itikadi, hesabu, falaki na desturi za watu wale. Alishuhudia kwamba baina ya imani ya watu wa kawaida, waliozoea masanamu na miungu wengi, na imani ya wenye elimu, pana umbali mkubwa, kwa kuwa hawa wa pili humkiri Mmoja wa milele, asiye na mwanzo wala mwisho, asiyefanana na chochote. Hakukubaliana nao katika mengi, na hakuficha. Lakini kwanza aliwaacha waseme wenyewe. Sijui njia nyingine ya haki ya kuieleza itikadi ya jirani, na ndiyo nitakayojaribu kuifuata hapa.

Maandiko ya kwanza ya Wahindu ni Veda nne, na iliyo kongwe kuliko zote ni Rigveda, ambayo wanachuoni hukadiria kuwa ilitungwa kati ya miaka 1500 na 1000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, nayo ikahifadhiwa kwa vifua vya watu, kutoka mwalimu hata mwanafunzi, karne nyingi kabla ya kuandikwa. Sehemu kubwa ya Veda ni sifa za miungu na taratibu za kafara: moto uwashwe namna gani, samli imiminwe lini, maneno gani yatamkwe na kuhani gani. Lakini kadiri miaka ilivyopita waliinuka watu ambao kafara haikuwatosha, wakaanza kuuliza huyo anayetoa kafara ni nani hasa, na akiisha kufa huenda wapi, na kama miungu wenyewe wana kitu kinachowashika. Mazungumzo ya watu hao ndiyo yaliyokusanywa mwishoni mwa Veda na kuitwa Upanishadi. Hesabu iliyozoeleka hutaja Upanishadi 108, lakini kongwe na kuu kati yake hazizidi kumi na tatu hivi, na mbili zilizotangulia, Brihadaranyaka na Chandogya, hudhaniwa kuwa za karne ya 7 au ya 6 kabla ya Isa.

Ajabu ya vitabu hivi ni kwamba havikuandikwa kwa namna ya hoja zilizopangwa, bali kwa namna ya watu wanaoulizana: baba na mwana, mfalme na mtawa, mume na mke. Yajnavalkya, mwalimu mashuhuri kuliko wote wanaotajwa katika Brihadaranyaka, alipokuwa karibu kuiacha nyumba yake ili aishi maisha ya utawa, alitaka kuwagawia mali yake wake zake wawili, Katyayani na Maitreyi. Maitreyi hakuuliza fungu lake ni ng'ombe wangapi. Aliuliza kwamba lau dunia nzima pamoja na mali zake zote ingekuwa yake yeye, je, angeepukana na mauti? Mumewe akamjibu kwa unyofu kwamba la, maisha yake yangekuwa kama ya matajiri wengine tu, na kwamba kutokufa hakutarajiwi kwa mali. Ndipo yule mwanamke akasema kwamba kitu kisichoweza kumwokoa na kufa hana haja nacho, na akamtaka mumewe ampe badala yake kile anachokijua.

Jibu alilopewa ni la kushangaza, na wapo wasomaji linalowachukiza mara ya kwanza. Yajnavalkya alimwambia kwamba mume hapendwi kwa ajili ya mume, wala mke kwa ajili ya mke, wala watoto, wala mali, wala miungu hawapendwi kwa ajili yao wenyewe, bali vyote hupendwa kwa ajili ya nafsi. Anayesoma upesi hudhani kwamba hapa pamefundishwa choyo, kwamba kila mtu ajipende mwenyewe. Na kumbe mwalimu anaelekeza upande mwingine kabisa, kwa sababu nafsi anayoitaja si huyu fulani bin fulani mwenye jina, kabila na daftari la madeni, bali ni kile kilicho ndani ya mume na ndani ya mke sawasawa, ambacho kila upendo, hata ule unaojidhani kuwa wa mbali nacho, hukitafuta bila ya kujijua. Kitu hicho wao hukiita atma. Maitreyi alitatizika zaidi alipoambiwa kwamba baada ya mauti hapana tena utambuzi wa huyu na yule, na mumewe akamfafanulia kwamba penye wawili ndipo mmoja amwonapo mwenziwe, amsikiapo na kumjua, lakini pale ambapo vyote vimekwisha kuwa nafsi moja, nani atamwona nani? Na yeye ajuaye kila kitu atajulikana kwa chombo gani?

Swali hilo la mwisho ndilo moyo wa falsafa yote ya Kihindu, na kwa maoni yangu ni zito kuliko majibu yote yaliyopata kutolewa juu yake. Jicho huona kila kitu ila lenyewe; akili hupima kila jambo, lakini nani anaishuhudia akili inapopima? Tukisema ni akili nyingine, tutauliza nani anaishuhudia hiyo nyingine, na hatutafika mwisho. Wahenga wa Upanishadi walisema kwamba lazima pawepo mwenye kujua ambaye hawi kamwe kitu kinachojuliwa, shahidi asiyeshuhudiwa, na ndiyo maana wakastahabu kumweleza kwa kukanusha, wakimwondolea sifa moja baada ya nyingine, si mnene wala si mwembamba, si mrefu wala si mfupi, mpaka msikilizaji abakiwe na kile kisichoweza kuondolewa.

Chandogya inasimulia namna ya kukitafuta kwa habari ya wanafunzi wawili wakubwa, Indra mfalme wa miungu na Virochana mkuu wa maasura, mahasimu wa miungu, ambao walisikia kwamba Prajapati, bwana wa viumbe, anaijua nafsi isiyozeeka wala kufa. Wakaenda kwake, kila mmoja na kuni mkononi kama ilivyokuwa desturi ya mwanafunzi, wakamtumikia miaka 32. Prajapati akawaamuru wajipambe kwa mavazi mazuri, watazame katika chombo cha maji, na akawaambia kwamba wanachokiona ndicho nafsi. Wote wawili wakaondoka wakiwa radhi. Virochana alirudi kwa watu wake akawafundisha kwamba mwili ndio nafsi, ustawishwe, uvikwe, utukuzwe, na mambo yatakuwa mema. Indra naye alikuwa njiani bado, hajafika kwa miungu, alipoingiwa na shaka: ikiwa mwili ukivikwa vizuri nafsi huwa nzuri, basi mwili ukipofuka nafsi nayo ni kipofu, na mwili ukioza nafsi imeoza. Akarudi, akakaa miaka 32 mingine, akafundishwa kwamba nafsi ni yule atembeaye katika ndoto. Akaenda, akaona kwamba hata huyo katika ndoto hulia na hukimbizwa; akarudi, akakaa tena miaka 32, akafundishwa kwamba nafsi ni yule aliye katika usingizi mzito usio na ndoto. Lakini hapo pia Indra hakutulia, kwa sababu katika usingizi ule mtu hajijui kwamba yupo, na ni mithili ya aliyetoweka. Ndipo baada ya miaka mitano ya mwisho, jumla yake 101, akaambiwa kwamba mwili umeshikwa na mauti, lakini ndani yake huishi asiye na mwili. Yule asemaye moyoni kwamba nione hiki, nisikie kile, ndiye nafsi, na jicho na sikio ni vyombo vyake tu.

Hadithi hii naipenda kwa sababu haimdharau mwenye shaka. Aliyeridhika upesi ndiye aliyepotea, na aliyerudi mara tatu kumwambia mwalimu wake kwamba jibu halimtoshi ndiye aliyepewa. Upanishadi nyingine, Mandukya, fupi mno, yenye mafungu 12 tu, iliyakusanya mambo yale yale katika mpango wa hali nne: kuwa macho, kuota, kulala fofofo, na hali ya nne ambayo si hali kama hizo tatu, bali ndiyo nuru inayozipitia zote bila ya kubadilika.

Hayo ni ya nafsi. Upande wa pili wa maneno haya ni Brahmani, nayo haifai kuchanganywa na Brahma, mungu muumbaji wa masimulizi, wala na makuhani wa tabaka la Brahmini. Brahmani ni ile asili ambayo vitu vyote vimetoka kwake, vinakaa kwayo, na vitarudi kwake. Uddalaka Aruni alikuwa na mwana, Shvetaketu, aliyekwenda chuoni akiwa na miaka 12 na kurudi akiwa na miaka 24, amehitimu Veda zote na amejaa kiburi cha elimu. Baba akamwuliza kama alipata pia elimu ile ambayo kwayo lisilosikiwa husikiwa na lisilojulikana hujulikana, na kijana akakiri kwamba walimu wake hawakumpa. Baba akamwagiza alete tunda la mti mmoja mkubwa wa jamii ya mkuyu, alipasue, akaona mbegu ndogondogo. Apasue mbegu moja, akaona hamna kitu. Akaambiwa kwamba katika huo udogo asiouona ndimo unamosimama mti mzima. Usiku ule akamwagiza atie chumvi katika maji, na asubuhi amletee ile chumvi. Kijana akaitafuta asiione, lakini alipoonja maji ya juu, ya kati na ya chini, kote kulikuwa na munyu. Hivyo ndivyo asili ya vyote isivyoonekana na hali imeenea kote. Na baba akamaliza kila mfano kwa kumwambia mwanawe kwamba asili hiyo ndiyo ukweli, ndiyo nafsi, na ndiyo yeye Shvetaketu mwenyewe.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kweli. Dini nyingi zimesema kwamba Mungu yu karibu na mtu, na nyingine zimesema mtu ameumbwa kwa amri yake na pumzi yake. Lakini hapa baba anamwambia mwana kwamba kile kilicho ndani kabisa ya nafsi yake, baada ya kuvuliwa mwili, jina, kumbukumbu na tamaa, ndicho hicho hicho kilicho ndani kabisa ya ulimwengu. Si kwamba Shvetaketu mwenye kiburi ni Mungu. Huyo mwenye kiburi ndiye anayepaswa kupasuliwa kama ile mbegu.

Mambo ya kuzaliwa tena na tena, ambayo watu wengi hudhani ndiyo Uhindu wote, katika falsafa hii ni matokeo tu. Matendo ya mtu, ambayo jumla ya athari zake huitwa karma, humfunga na kumrudisha katika maisha mengine kwa kadiri ya wema au uovu wake, na mzunguko huo huendelea muda wote ambao nafsi inajidhania kuwa si ile iliyo. Kufunguliwa kutoka humo ndiko kuitwako moksha, na kuuteketeza mwili kwa moto, desturi inayowashangaza majirani, hakuna dharau ndani yake kwa mtu anayeamini kwamba marehemu hakuwa mwili ule hata siku moja.

Si wote waliokubali. Wabudha, waliotokea katika nchi hiyo hiyo, walisema kwamba ukichunguza ndani ya mtu hutaona nafsi ya kudumu hata kidogo, ila mfululizo wa hali zinazopita. Wafuasi wa Samkhya walisema nafsi zipo, tena nyingi zisizo na idadi, lakini hazikutokana na asili moja, na upande wa pili ipo maada yenye kujigeuza yenyewe. Miongoni mwa madhehebu sita yanayohesabiwa kuwa ya waaminifu wa Veda, lile lililojishughulisha zaidi na Upanishadi huitwa Vedanta, na ndani ya Vedanta yenyewe ndimo ulimozuka mjadala ambao haujaisha hata leo: ikiwa nafsi na Brahmani vina nasaba, nasaba hiyo ni ya namna gani?

Wa kwanza wa kukumbukwa ni Shankara, aliyezaliwa Kaladi katika Kerala ya leo, yapata karne ya 8, na ambaye mapokezi husema alifariki akiwa na miaka 32 tu, hali amekwisha kuandika sherehe, yaani fafanuzi, za Upanishadi kuu na za vitabu vya Bhagavad Gita na Brahma Sutra, na kuacha jina lake katika nyumba nne za utawa, Sringeri kusini, Puri mashariki, Dwarka magharibi na Jyotirmath kaskazini. Mafundisho yake ni kwamba hapana viwili. Brahmani peke yake ndiyo iliyo kweli, nafsi si kitu kingine ila Brahmani, na ulimwengu huu wa wingi, wa huyu na yule, wa kuzaliwa na kufa, ni maya, namna ya mwonekano ambao si kweli kamili wala si uongo mtupu. Mfano wake mashuhuri ni wa mtu aonaye kamba gizani akaidhania nyoka: hofu yake ni ya kweli, moyo wake unadunda kweli, na wala hakuna hirizi wala fimbo itakayomwondoa nyoka huyo, kwa maana hakuwapo, taa ndiyo itakayomwondoa. Kwa hiyo kwa Shankara wokovu hauletwi na kafara wala tendo lolote, ijapokuwa matendo mema huusafisha moyo, bali huletwa na maarifa peke yake.

Wapokezi husimulia kwamba siku moja katika mji wa Banaras alikutana njiani na mtu wa tabaka la chini kabisa, akamwambia apishe. Na mtu yule akamwuliza ni kipi kipishe, mwili huu ulioumbwa kwa chakula kama mwili wako, au ile nafsi unayofundisha kwamba ni moja kwa wote? Shankara akamsujudia. Kisa hiki kinafaa sana, na mimi natamani kiwe kweli. Lakini mwenye kupenda haki hawezi kunyamaza juu ya kwamba Shankara huyo huyo, katika sherehe yake ya Brahma Sutra, alikubali kwamba watu wa tabaka la Shudra wazuiwe wasisome wala wasisikie Veda. Kwa karne nyingi umoja wa nafsi ulifundishwa ndani ya mahekalu ambayo mamilioni ya watu hawakuruhusiwa kuingia. Swami Vivekananda, aliyeieleza Vedanta mbele ya bunge la dini la Chicago mwaka 1893, aliwakaripia watu wa nchi yake kwa jambo hilo, na jumuiya ya Ramakrishna aliyoianzisha mwaka 1897 iliifanya kazi ya kuwahudumia maskini kuwa sehemu ya ibada.

Zaidi ya karne mbili baada ya Shankara alitokea Ramanuja, mzaliwa wa Sriperumbudur katika nchi ya Watamili na mwalimu wa hekalu kuu la Srirangam, ambaye mapokezi humpa umri wa miaka 120, toka 1017 hata 1137. Huyu aliukamata ubishi pale penye udhaifu wake. Alisema: ikiwa wingi wote huu ni ujinga tu, basi ujinga huo ni wa nani? Ukisema ni wa Brahmani, umeutia ujinga katika kile ulichosema ni maarifa matupu; ukisema ni wa nafsi ya mtu, nafsi ya mtu kuwa mbali na Brahmani ndilo jambo lenyewe ulilosema limezaliwa na ujinga, basi mtoto hawezi kuwa mzazi wa mama yake. Wafuasi wa Shankara wameandika majuzuu kwa majuzuu kulijibu swali hilo, na sijapata kuona jibu lililolizima kabisa.

Ramanuja mwenyewe alifundisha kwamba Hakika ni moja, lakini umoja wake ni umoja wenye sifa: nafsi zote na maada yote ni mwili wa Mwenyezi, naye ni nafsi ya nafsi hizo. Kama vile mwili wa mtu haujiendeshi bila ya roho, na wala mwili si roho, ndivyo na sisi hatuwi mbali naye hata nukta moja, na wala hatuwi yeye. Katika moksha mja hapotei kama tone baharini. Hubaki akijijua, akiwa mbele ya Mpendwa wake, kwa furaha isiyopungua. Na njia ya kufikia huko si maarifa makavu bali ni mahaba na kujikabidhi. Husimuliwa kwamba alipopewa na mwalimu wake maneno matakatifu ya siri, akaonywa kwamba akiyatoa ataingia motoni, alipanda mnara wa hekalu akayatangaza kwa watu wote, akasema kwamba kama wengi wataokoka kwa kuyasikia, yeye yu radhi kuangamia peke yake.

Wa tatu, Madhva, wa karne ya 13, aliyefundisha Udupi katika Karnataka, alikataa umoja wa aina zote hizo mbili. Kwake yeye Mungu ni mbali na nafsi, Mungu ni mbali na maada, nafsi ni mbali na nafsi nyingine, nafsi ni mbali na maada, na kitu ni mbali na kitu kingine. Tofauti tano zisizofutika milele. Alithubutu hata kusema kwamba zipo nafsi ambazo hazitaokoka kamwe, kauli iliyo adimu katika fikira za Kihindu. Msomaji aliyelelewa katika dini zinazomtenga Muumba na kiumbe atamwona Madhva kuwa wa karibu naye zaidi, na nadhani ndiyo sababu haimpasi aanze na yeye, asije akadhani amekwisha kuyaelewa yote.

Nikiulizwa hukumu yangu, nitasema kwamba Shankara ndiye aliyethubutu kwenda mbali kuliko wote, na kwamba hoja zake juu ya shahidi asiyeshuhudiwa sijaona aliyezivunja. Lakini Ramanuja ndiye aliyeona kwamba upendo unahitaji wawili, na falsafa isiyoweza kuupa upendo mahali pa kudumu imeacha nje jambo ambalo hata Maitreyi na mumewe walianza nalo.

Fikira hizi zilivuka mipaka kwa mkono wa Mwislamu mwingine. Dara Shukoh, mwana mkubwa wa mfalme Shah Jahan na mfuasi wa tarika ya Qadiriya, ambayo hata pwani yetu ina murid wengi, aliwakusanya wanachuoni wa Banaras na mwaka 1657 akakamilisha tafsiri ya Upanishadi 50 kwa Kiajemi, akiamini kwamba ndizo kitabu kilichohifadhiwa kinachotajwa katika Kurani. Miaka miwili baadaye aliuawa kwa amri ya nduguye Aurangzeb, aliyempokonya ufalme, na itikadi yake ikafanywa kuwa mojawapo ya makosa yake. Tafsiri ile ya Kiajemi ndiyo aliyoigeuza Mfaransa Anquetil-Duperron kwa Kilatini mwaka 1801 na 1802, na kwa Kilatini hicho mwanafalsafa Schopenhauer wa Ujerumani akazisoma Upanishadi na kuzienzi maisha yake yote.

Na huku kwetu zilifika kwa njia nyepesi zaidi, mioyoni mwa wasafiri. Miongoni mwa Wahindu waliotoka Kutch na Gujarat kuja Kenya, Uganda na Tanganyika wamo wafuasi wengi wa Swaminarayan, mtawa aliyeishi toka 1781 hata 1830, ambaye katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1826 alitamka wazi kwamba falsafa anayoikubali ni ile ya Ramanuja. Kwa hiyo mjadala ule wa Srirangam si kitu cha nchi ya mbali tu. Katika mahekalu ya Swaminarayan ya Nairobi na Mombasa watoto hufundishwa kwamba wao ni atma wala si mwili, kabla hawajajua kuhesabu fedha.

Msomaji atakayependa kuyaona haya kwa macho yake, na anayejua Kiingereza, atazikuta Upanishadi kuu katika tafsiri ya Max Müller, iliyotoka mwaka 1879 na 1884, au katika ile ya mwaka 1953 ya Sarvepalli Radhakrishnan, ambaye mwaka 1962 alikuwa Rais wa India. Namshauri asianze na Brihadaranyaka, kwa kuwa ni ndefu na ina mambo mengi ya kafara, bali aanze na Isha, yenye beti 18 tu, aendelee na Katha, ambamo kijana Nachiketa anahojiana na Mauti mwenyewe, kisha sura ya sita ya Chandogya yenye habari za Shvetaketu. Akiisha kuzisoma hizo taratibu, ndipo awaendee Shankara na Ramanuja, na tafadhali asimsome mmoja wao bila ya kumsoma na mwenziwe.